Sehemu ya Mlembe

Umelipa elfu kumi na mbili, chupa iko mkononi,
kidole kimesharudi kinywani mara mbili
na treni ya Mpanda inapiga honi ya kwanza.
Najua una haraka.
Lakini ngoja kidogo, mgeni, nikuombe kitu kisicho hela.

Baba alirina Sikonge, ndani kabisa, kunakoishia njia za baiskeli.
Hakuwa na ramani. Alikuwa na mlembe,
ndege wa rangi ya majivu, mdogo kuliko ngumi,
mwenye sauti ya mtu anayetikisa kiberiti.
Ndege akiruka, baba anafuata; akitua, baba anasimama.
Wakifika kwenye mninga wenye tundu
baba anawasha moshi, anachota, anajaza ndoo,
na kabla ya kufunga mzigo anaacha sega moja juu ya jani.
Sega zima. Siyo makombo.
"Ukimnyima," alisema, "safari ijayo atakupeleka kwa swila."

Mimi sina mlembe. Nina simu yenye ufa kwenye kioo,
na Nyanzala, mtoto wa dada, aliyeniandikisha mtandaoni
jioni moja akisubiri maharage yaive:
ASALI YA KALUNDE, TABORA, NYUMA YA STESHENI.
Akasema, "Mama mdogo, sasa watu watakupa nyota."
Nikangoja. Mwezi mzima giza, hakuna hata kimulimuli.

Nyota ya kwanza ilikuja peke yake.
Moja. "Nimekuta pamefungwa."
Ni kweli palifungwa: siku ile tulikuwa Urambo tukimzika shangazi.
Wa pili akaandika, "Imeganda, wametia sukari."
Ndugu yangu, asali isiyoganda mwezi wa saba ndiyo ya kuogopa!
Nililia kidogo, nikacheka, nikaosha chupa.

Na wenye kuridhika walikuwepo.
Yupo Lugembe, dereva wa lori wa Nzega, anayebeba madumu matatu
na kunisifu mpaka naona haya.
Yupo nesi wa Kitete aliyesema mwanawe
sasa anakunywa uji bila kubembelezwa.
Sifa zao zilitoka mlangoni pamoja nao,
vumbi likazifuta kabla hazijafika kwenye lami.

Fundi Mihambo, anayetengeneza saa hapo jirani
na kujiona malenga kila umeme ukikatika,
akanibandikia karatasi hii ukutani, juu ya mizani:

*Mteja ukisharamba, vidole ukaridhika,*
*Usifunge neno kamba, liachilie kuruka,*
*Nyota hazimei shamba, ni wewe wa kuziweka,*
*Hata tano sitaomba, kweli yako naitaka.*

Vina nimevipenda. Mstari wa mwisho nimeupenda zaidi,
maana jana Nyanzala kanambia kuna duka, sitalitaja,
linanunua nyota kwa mafungu, kama nyanya.
Mimi sitaki. Sega la kununua haliachiwi ndege.

Basi andika. Hata ukiwa ndani ya behewa, mtandao ukirudi pale Kaliua.
Andika kuwa kifuniko kilivuja ukakuta begi linanata.
Andika kuwa ni tamu, kama ni tamu.
Andika jina la mti, kama ulimi wako umeutambua.
Maneno mawili yanatosha.

Kwani wewe leo uliuliza njia?
Hukuuliza. Ulikuja umeinamia simu, moja kwa moja mpaka mlangoni,
ukifuata kijisauti cha mtu usiyemjua
aliyepita hapa kabla yako
akaacha kitu juu ya jani.